Je, Wajua? Hans von Bülow, fundi wa opera aliyeponzwa na ulimi

Je, wajua kwamba opera ya Tristan und Isolde ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, mjini Munich tarehe 10 Juni 1865, aliyeshika kijiti mbele ya okestra alikuwa mume wa mwanamke aliyezaa na mtunzi wa opera hiyo? Mtunzi ni Richard Wagner. Mwanamke ni Cosima, binti wa mpiga piano mashuhuri Franz Liszt. Aliyeshika kijiti ni Hans von Bülow. Tarehe 10 Aprili, siku ambayo Bülow alianza mazoezi na okestra, Cosima alijifungua mtoto wa kike, naye akapewa jina la Isolde.

Kisa hicho kimesimuliwa mno hata kimemfunika mwenyewe. Bülow hukumbukwa kama mume aliyenyang'anywa mke, ilhali alistahili kukumbukwa kama mtu aliyeifanya kazi ya kuongoza okestra iwe kazi kamili, yenye nidhamu na masharti yake. Kabla yake, aliyesimama mbele mara nyingi alikuwa mtunzi akiongoza kazi zake mwenyewe, au mwajiriwa wa jumba la mfalme aliyehesabu mapigo ili wapiga ala wasipotezane. Bülow alitunga kidogo, na alichotunga hakisikiki sana leo. Nguvu zake zote alizitia katika muziki wa wenzake. Vyeo alivipata kwa kipaji, na karibu kila kimoja akakiacha kwa ugomvi.

Je, wajua kwamba alikuwa asomee sheria? Alizaliwa Dresden tarehe 8 Januari 1830, na ingawa utotoni alifundishwa piano na Friedrich Wieck, baba yake Clara Schumann, wazazi walimtaka awe mwanasheria. Alikwenda chuoni Leipzig, kisha Berlin. Tarehe 28 Agosti 1850 alikuwa Weimar, Liszt alipoongoza onyesho la kwanza la Lohengrin ya Wagner. Hapo sheria ikaisha. Kijana wa miaka ishirini akafunga safari hadi Zürich, alikokuwa Wagner, mkimbizi aliyetafutwa na serikali ya Saxony kwa kushiriki maasi ya Dresden ya Mei 1849.

Wagner alimtafutia nafasi ya kuongoza okestra katika jumba la maonyesho la Zürich. Haukupita muda, mwimbaji mkuu wa kike akakataa kuimba chini ya kijana huyo mwenye maneno ya kukata, na kabla mwaka haujaisha Bülow akawa nje. Ndiyo kazi yake ya kwanza, na tayari mkondo wa maisha yake unaonekana.

Ukoo wa von Bülow ni mpana, wa makabaila wa Mecklenburg, na jina hilo liliwahi kufika kwetu. Afisa Albrecht von Bülow aliuawa mwaka 1892 katika vita vya Wajerumani na Mangi Meli wa Moshi. Dada yake Frieda aliishi Zanzibar na baadaye Tanga, akaandika riwaya za kuusifu ukoloni. Hao hawakuwa nduguze Hans wa tumbo moja, bali watu wa ukoo ule ule mkubwa.

Je, wajua kwamba fungate ya Hans na Cosima ilipitia nyumbani kwa Wagner? Walioana Berlin tarehe 18 Agosti 1857. Mwezi uliofuata, huko Zürich, Wagner aliwasomea wageni wake maneno ya Tristan aliyokuwa ameyamaliza. Waliokaa kusikiliza walikuwa mkewe Minna. Mathilde Wesendonck, mke wa tajiri mfadhili wake, ambaye Wagner alikuwa akimpenda wakati huo. Na bibi harusi Cosima, ambaye angekuja kuwa mke wake wa pili. Wanawake watatu katika sebule moja, na hadithi yenyewe ni ya mapenzi yanayovunja ndoa. Mwandishi wa tamthilia angetunga hivyo, wahariri wangemwambia amezidisha.

Baadaye Bülow alichukua nota nzima za opera ile, ala zote, akazigeuza ziweze kupigwa na piano moja ili waimbaji wapate kujifunzia. Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo. Lakini kwa njia hiyo aliijua Tristan nota kwa nota kuliko mtu yeyote isipokuwa aliyeitunga.

Na ujuzi huo ulihitajika. Jumba la opera la Vienna lilikuwa limeijaribu opera hiyo kwa mazoezi yaliyozidi 70, kisha likakata tamaa na kusema haiimbiki. Mwaka 1864 Ludwig wa Pili akawa mfalme wa Bavaria akiwa na miaka kumi na minane, akamwita Wagner Munich na kumlipia madeni. Wagner naye akamwita Bülow.

Mazoezi yakiendelea, ikaonekana sehemu ya kukaa okestra mbele ya jukwaa ni finyu. Fundi wa jumba akasema kuipanua kutaondoa viti thelathini vya watazamaji. Bülow, kwa ukali, akauliza kuna tofauti gani wakipungua thelathini, akiwataja watazamaji kwa tusi la Kijerumani linalounganisha nguruwe na mbwa. Maneno yakavuja, magazeti ya Munich yakayachapisha, na mji ukawaka. Bülow akalazimika kuandika barua ya kuomba radhi, akidai alikusudia wale tu waliokuwa wakimpiga vita Wagner. Onyesho lililopangwa Mei 15 likaahirishwa kwa sababu Malvina Schnorr von Carolsfeld, aliyeimba Isolde, alipotewa na sauti.

Opera hatimaye ikafunguliwa, ikaonyeshwa mara nne. Wiki tatu baada ya onyesho la mwisho, Ludwig Schnorr von Carolsfeld, mume wa Malvina na mwimbaji wa Tristan, alifariki akiwa na umri wa miaka 29. Wapo waliosema opera imemuua.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 21 Juni 1868, Bülow aliongoza onyesho la kwanza la Die Meistersinger, opera nyingine ya Wagner iliyo ndefu mno. Kufikia hapo Cosima alikuwa amezaa binti wa pili na Wagner. Mwaka 1869 akazaa wa kiume, Siegfried. Talaka ilitoka Julai 1870, na tarehe 25 Agosti Cosima akaolewa na Wagner mjini Lucerne.

Mtu mwingine angeichoma moto kila karatasi yenye jina la Wagner. Bülow hakufanya hivyo. Mwaka 1876, Wagner alipofungua jumba lake la opera Bayreuth, hakuwepo. Lakini jumba lilipoelemewa na gharama, alizunguka miji akipiga piano kuchangia mfuko wake, mchango ukafika marki 40,000. Sioni unyonge katika hilo. Aliupima muziki kwa mizani yake na watu kwa mizani nyingine, jambo ambalo wengi wetu hutamka tu bila kuliweza.

Isolde naye? Mwaka 1914 alikwenda mahakamani kutaka mama yake mzazi akiri kwamba yeye ni mtoto wa Wagner. Akashindwa. Alizaliwa ndani ya ndoa ya Bülow, Cosima alikuwa akiishi na Bülow, na Bülow alimhesabu miongoni mwa warithi wake; kwa sheria akabaki binti wa Bülow.

Je, wajua kwamba Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa, alijiona pia mtunzi wa muziki, na kwamba Bülow ndiye aliyemwondolea dhana hiyo? Mwaka 1872 Nietzsche alimtumia utunzi wake wa piano uliohusu Manfred, mhusika wa mshairi Byron. Jibu la Bülow, la Julai mwaka huo, ni miongoni mwa barua kali zaidi zilizowahi kumfikia mtunzi yeyote. Alimuuliza kama ulikuwa utani, na akauelezea kama ubakaji aliofanyiwa mungu wa kike wa muziki. Nietzsche alikaa kimya miezi kadhaa, kisha akamjibu kwa kumshukuru.

Kwa Giuseppe Verdi mambo yaligeuka. Mei 1874, Bülow akiwa Milan, Verdi alikuwa karibu kuongoza Requiem yake kwa mara ya kwanza katika kanisa la San Marco. Bülow akaandika gazetini kuidharau kwamba ni opera iliyovaa kanzu za kanisa, na hali ilikuwa haijapigwa bado. Johannes Brahms alizisoma nota, akasema Bülow amejiaibisha bure. Ilimchukua Bülow miaka kumi na minane kukubali. Mwaka 1892 alimwandikia Verdi barua ya toba, ndefu na ya kujishusha. Mzee Verdi alijibu kwa upole kwamba hakuna dhambi ya kusamehewa, ingawa inasemekana pembeni aliuliza kama Bülow ana wazimu.

Wajua pia kwamba konseto ya kwanza ya piano ya Tchaikovsky, ambayo leo hata asiyejali muziki wa aina hiyo ataitambua kwa mapigo yake ya mwanzo, haikuanzia Urusi? Nikolai Rubinstein, mkuu wa chuo cha muziki cha Moscow, aliisikia akaiponda vibaya. Tchaikovsky akaitabaruku kwa Bülow badala yake. Bülow akaivusha bahari, na tarehe 25 Oktoba 1875 akaipiga Boston, Marekani. Watazamaji walidai sehemu ya mwisho irudiwe. Katika ziara hiyo alitoa maonyesho 139, hata afya yake ikavunjika. Piano alizopigia zilikuwa za kampuni ya Chickering iliyodhamini ziara, na inasimuliwa kwamba siku moja alilibandua bango la jina la kampuni lililoning'inizwa kwenye piano, akalitupa chini: yeye si ubao wa matangazo.

Kwa viwanda vya piano alikuwa na historia nyingine iliyo njema. Januari 1857, mjini Berlin, alipiga kwa mara ya kwanza hadharani ile Sonata kubwa ya Liszt, na alichokitumia kilikuwa kinanda kikubwa cha fundi ambaye jina lake bado lilikuwa geni, Carl Bechstein. Wakosoaji waliishambulia Sonata. Piano wakaipenda.

Mwaka 1877 alichukua uongozi wa opera ya Hannover. Kwa miaka miwili jumba hilo likawa na uhai mpya: aliwaletea Wajerumani opera ya Mrusi Glinka, na akaifufua Benvenuto Cellini ya Berlioz iliyokuwa imesahauliwa. Kisha ikaja Lohengrin. Shujaa wa opera hiyo huletwa na bata-maji mweupe anayevuta mashua, na mwimbaji wa siku hizo, Anton Schott, alikuwa akienda atakavyo, mapigo huku yeye kule. Bülow akamwita shujaa wa nguruwe. Schott akashitaki kwa wakubwa, Bülow akakataa kuomba radhi kwa namna waliyoitaka, akaondoka.

Tuje Meiningen, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo ulimwengu wa muziki ulipobadilika.

Meiningen ni mji mdogo katika Thüringen. Mtawala wake, Georg wa Pili, alipenda sana tamthilia na alikuwa na kikundi cha waigizaji kilichosifika Ulaya nzima. Okestra yake ilikuwa ya kawaida, yenye wapiga ala wasiofika hamsini. Mwaka 1880 akamkabidhi Bülow okestra hiyo na kumwachia uhuru wote.

Bülow alianza kwa kuitenga. Wenye fidla walifanya mazoezi peke yao, wenye filimbi na tarumbeta peke yao, na kila kundi likachunguzwa hadi kosa likose pa kujificha. Ndipo wakaunganishwa. Leo okestra yoyote inayojiheshimu hufanya hivyo na haikumbuki nani aliyeanza kulikazania. Alileta ala mpya: besi kubwa yenye nyuzi tano, na ngoma za timpani zinazobadilishwa sauti kwa kukanyaga. Akawataka wapige kazi nyingine bila karatasi, kichwani tupu, na wasimame wakipiga. Bila shaka walinung'unika, lakini waliweza.

Kisha akawapakia kwenye treni. Okestra ya mji mdogo ikaenda mji hadi mji, Berlin na Vienna zikiwemo, na watu wa miji mikubwa wakagundua kwamba okestra zao, zilizokuwa kubwa zaidi na zilizolipwa vizuri zaidi, zilikuwa zikipiga ovyo. Desemba 1880 huko Meiningen alipiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, iliyo zaidi ya saa nzima, mara mbili katika onyesho moja. Aliona watu hawawezi kuielewa kwa kuisikia mara moja. Mwalimu huyo, hata watazamaji aliwapa somo la marudio.

Brahms alifanywa kuwa mtu wa nyumbani. Oktoba 1881 alikuja kuijaribisha konseto yake ya pili ya piano kabla haijatoka hadharani, na tarehe 25 Oktoba 1885 Simfonia yake ya Nne ikapigwa kwa mara ya kwanza Meiningen, mwenyewe akiongoza. Halafu, mnajua tena. Bülow alikuwa amejipangia kuiongoza simfonia hiyo Frankfurt katika ziara, Brahms akaenda kuiongoza huko huko na okestra nyingine. Bülow akaona amedhalilishwa. Akajiuzulu.

Je, wajua kwamba Richard Strauss, mtunzi wa opera za Salome na Der Rosenkavalier, alisukumwa jukwaani na Bülow bila zoezi hata moja? Ilikuwa Munich, Novemba 1884. Okestra ya Meiningen ilikuwa ziarani, na Bülow akamwambia kijana huyo wa miaka ishirini aongoze mwenyewe utunzi wake wa ala kumi na tatu za kupuliza. Strauss hakuwahi kuongoza okestra maishani. Aliuliza mazoezi ni lini. Akajibiwa ziarani hakuna mazoezi. Wakati Strauss yuko jukwaani, Bülow alibaki chumba cha nyuma akivuta sigara moja baada ya nyingine, wala hakusikiliza.

Lililofuata ndilo tamu. Baba wa kijana, Franz Strauss, alikuwa mpiga horni katika okestra ya kifalme ya Munich, na tangu mazoezi ya Tristan yeye na Bülow hawakuivana; mzee huyo alimchukia Wagner kutoka moyoni. Usiku ule alikwenda nyuma ya jukwaa kutoa shukrani. Bülow akamgeukia kwa hasira, akamkumbusha visa vyote vya miaka ishirini nyuma, akamwambia amefanya yale kwa ajili ya kipaji cha kijana, si kwa ajili yake. Mwaka uliofuata kijana akaitwa Meiningen kuwa msaidizi. Alikaa ukumbini kila asubuhi, nota mkononi, akitazama kila zoezi, na Bülow alipojiuzulu, Strauss akabaki na okestra nzima kwa miezi michache. Fundisho alilolirudia hadi uzeeni ni hili la Bülow: nota ziwe ndani ya kichwa chako, kichwa chako kisiwe ndani ya nota.

Ualimu wake haukuwa wa kubahatisha. Tangu 1855 alifundisha piano katika chuo cha Stern huko Berlin, na mwaka 1867 mfalme Ludwig alimfanya mkuu wa shule ya muziki ya Munich. Katika miaka ya 1880 alifungua madarasa ya piano Frankfurt, ambako mmoja wa wanafunzi, Theodor Pfeiffer, aliandika karibu kila alichosema na kukichapisha kama kitabu mwaka 1894. Nota za sonata za Beethoven alizozihariri zilijaa maelezo yake chini ya ukurasa, mengine yakiwa ni makemeo kwa wapiga piano asiowajua.

Si kila aliyebisha alifunguliwa. Januari 1884 okestra ya Meiningen ilipiga Kassel, na kiongozi msaidizi wa opera ya mji huo, mwenye miaka 23, akarogwa. Alimwandikia Bülow barua ya kumlilia amchukue kama mwanafunzi. Bülow aliichukua barua ile akamkabidhi bosi wa kijana. Kijana aliitwa Gustav Mahler.

Machi mwaka huo huo, akiwa Berlin, Bülow aliwageukia watazamaji katikati ya onyesho akaifananisha opera ya kifalme ya mji na sarakasi, akilitaja jina la mkurugenzi wake, Hülsen. Akavuliwa cheo cha mpiga piano wa mfalme wa Prussia. Akajibu kwa kujiita mpiga piano wa wananchi. Baadaye alipojitokeza katika jumba hilo la opera kama mtazamaji mwenye tiketi, alitolewa nje.

Miaka mitatu baada ya kuvuliwa cheo, Berlin ikamrudisha kwa mlango mwingine. Mwaka 1882 wapiga ala 54 walikuwa wamemwasi mwajiri wao Benjamin Bilse na kuunda okestra yao, Berlin Philharmonic. Mwaka 1887 Bülow akawa kiongozi wao mkuu, akawapitisha katika tanuru ile ile ya Meiningen, na ndipo okestra hiyo ikaanza kuogopwa. Aliwaaga Machi 1892 kwa simfonia ya Eroica, ambayo Beethoven aliiwazia Napoleon akafuta. Bülow akatangaza kwamba sasa anaitabaruku kwa Bismarck, kansela aliyeondolewa na Kaisari. Sehemu ya ukumbi ikazomea. Kaisari alikuwa amesema karibuni kwamba wasiopenda mambo yalivyo wajikung'ute vumbi la viatu waondoke; Bülow akatoa leso, akainama, akapangusa viatu vyake.

Mahler alimkuta tena Hamburg mwaka 1891. Safari hii Bülow alimheshimu sana kama kiongozi wa opera, hata akamtunuku shada. Mahler akajipa moyo, akampigia kwenye piano utunzi wake mpya, ule uliokuja kuwa mwanzo wa Simfonia ya Pili. Bülow akaziba masikio. Mwishowe akasema kwamba ukilinganisha na hiyo, Tristan ni muziki wa Haydn.

Afya ilipozidi kuzorota, Strauss, aliyekuwa amepona kifua kwa hewa ya Misri, alimshauri aende huko. Bülow alifika Cairo mapema mwaka 1894, akafariki tarehe 12 Februari, siku chache tu baada ya kufika. Ibada yake ilifanyika Hamburg tarehe 29 Machi katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Mahler alikuwepo. Miaka mingi alikuwa amekwama, hajui simfonia yake ataimalizaje. Kwaya ikaimba maneno ya mshairi Klopstock kuhusu ufufuo, na papo hapo akapata alichokitafuta. Aliyatumia maneno hayo, akaongeza yake, na simfonia ikakamilika mwaka huo huo. Ilipopigwa nzima kwa mara ya kwanza, Berlin tarehe 13 Desemba 1895, Mahler aliongoza mwenyewe, na okestra aliyopewa ilikuwa Berlin Philharmonic.